Vishimo 96 vilivyotangulia roboti

Sisi waandika programu hupenda kuzisifu roboti kwa kuharakisha utafutaji wa dawa, zikijaribu maelfu ya kemikali kwa siku. Mimi naisifu sahani. Mwaka 1951 mafua makali yaliikumba Hungaria. Daktari Gyula Takátsy alikuwa na sampuli nyingi na vifaa vichache, basi akachonga vishimo kwenye kipande cha plastiki, apime nyingi kwa pamoja. Baadaye ikazoeleka sahani ya safu 8 za vishimo 12, yaani 96, umbali wa milimita 9 kati ya kimoja na kingine. Lakini vipimo rasmi vilipitishwa 2004 tu! Kabla ya hapo sahani ya kampuni moja ingeweza kukwama kwenye roboti ya nyingine. Siku hizi sahani ileile hubeba vishimo 384, hata 1536. Mmeiona hesabu? Vishimo mara 4, umbali nusu. Kodi ya roboti inabadilika namba chache tu.