Kutwaa na Kuiba: Jibu la Mshitakiwa katika Nchi ya Mara

Ashitakiwapo mtu kwamba ameiba kitu dukani Musoma au sokoni Bunda, mara nyingi jamaa zake humwambia, "Kubali upesi, yaishe." Shauri hilo lina mizizi katika desturi ya zamani. Lakini mahakama si baraza la wazee, na neno "ndiyo" halina uzito uleule mahali pote.

Kabla ya Wadachi kuja, Wazanaki, Waikizu na jirani zao waliamua mambo yao mbele ya wazee. Na Wakurya hata leo wana mkutano wao uitwao iritongo. Shabaha kubwa ilikuwa mwenye mali arudishiwe mali yake na watu wapatane. Aliyekubali kosa alifungua njia ya kulipa.

Wadachi wakaweka machifu, na mwaka 1915 wakamsimika Nyerere Burito kule Butiama. Chini ya Waingereza, sheria ya mwaka 1929 iliyatambua mabaraza ya machifu kuwa mahakama za wenyeji. Wakili hakuruhusiwa humo, na rufani ilikwenda kwa Bwana Shauri na wakubwa wake hata kwa Gavana, wala si Mahakama Kuu. Mwaka 1930 ikatungwa Kanuni ya Adhabu, ambayo hata sasa ndiyo msingi wa mashitaka ya wizi. Kisha sheria ya mwaka 1963 ikaleta mahakama za mwanzo, na njia ya rufani ikafunguka mpaka Mahakama Kuu.

Basi tuangalie maneno. Kutwaa si kuiba. Kwa Kanuni ya Adhabu, mwizi ni yule atwaaye kwa hila, pasipo kudai haki juu ya kitu kile. Aliyesahau kulipa, au aliyeamini kwa moyo mnyofu kwamba kitu ni chake, ametwaa lakini hakuiba. Akiulizwa, naye akijibu, "Ndiyo, nilichukua," hajakiri wizi bado.

Jambo hili liliwekwa wazi mwaka 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la Adan, lililotoka Kenya. Ilisema kwamba shitaka na kila sehemu ya kosa lazima zielezwe kwa lugha aijuayo mshitakiwa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Akikubali, asomewe habari za tendo. Akizipinga, au akitoa maelezo yaletayo shaka, ihesabiwe kwamba amekana. Mahakama za Tanzania nazo hufuata kanuni hiyo.

Uzito wake ni huu: aliyekiri kwa kawaida hawezi kukata rufani juu ya hatia, ila juu ya adhabu tu, isipokuwa aonyeshe kwamba kukiri kwake hakukuwa kamili. Aliyekana akashindwa aweza kupinga yote mawili. Naye aliyehukumiwa na mahakama ya mwanzo ana siku 30 za kukata rufani katika mahakama ya wilaya.

Njia nyingine zipo pia. Polisi wamwulizapo, mtu halazimiki kujibu zaidi ya jina na mahali akaapo. Aweza kuomba dhamana, kuita mashahidi, na kutafuta msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Akionekana na hatia, aweza kueleza kwamba ndilo kosa lake la kwanza, au kwamba amerudisha mali. Sheria yaruhusu aachiliwe kwa sharti, au awekwe chini ya uangalizi. Na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kifungo cha gerezani.

Waalimu na wachungaji huitwa mara nyingi kutoa shauri usiku ule wa kwanza. Yafaa kwanza wamwulize mtu alifanya nini, kisha alikusudia nini, ndipo waseme juu ya kukubali au kukana. Mwizi wa kweli atubu na kulipa. Lakini asiye mwizi, akikana shitaka, hasemi uongo. Amtaka mshitaki athibitishe neno lake.