Unaongeza Soketi kwa Keja Garissa? Soma Hii Kabla Fundi Atoboe Ukuta

Jua la Garissa unalijua. Mmeongeza chumba kwa mzae pale Bulla Iftin, na sasa mnataka feni, friji na labda AC. Lakini kwa ukuta wa sebule bado kuna ile bodi ya kitambo ya fyuzi za waya. Je, lazima muing'oe?

Jibu fupi: si lazima mng'oe kila kitu, lakini laini mpya haifai kutegemea kinga ya zamani pekee.

Kanuni ambayo mafundi wengi wa Kenya wamesomea ni ile ya Uingereza, BS 7671. Haisemi ubomoe kazi ya zamani ambayo bado iko sawa. Inasema kazi mpya ifuate viwango vya sasa, na fundi ahakikishe kwanza kuwa bodi, nyaya na ardhi vitahimili mzigo ulioongezwa. Soketi mpya za nyumbani huwekewa RCD ya miliampia 30.

Fyuzi na RCD si kitu kimoja

Fyuzi, au breka, inalinda waya usichomeke. RCD inakulinda wewe. Inalinganisha stima inayoenda na inayorudi. Zikitofautiana, inakata hapo hapo.

Mbona Garissa hii ni noma

Sema friji imepiga shoti na chuma chake kina stima. Hiyo stima inafaa kuingia ardhini kupitia ile nondo iliyozikwa nje. Shida ni kuwa mchanga mkavu haupitishi stima vizuri. Nondo ikiwa na ukinzani wa omu 100, volti 240 zitasukuma ampia 2.4 pekee. Fyuzi ya ampia 30 haitaungua hata kidogo, na friji itabaki na stima ikingoja mtoto aiguse. RCD ingekuwa imekata kitambo.

Cheki hizi kabla ulipe

- Fundi awe na leseni ya EPRA. Mwambie akuonyeshe, na kazi ikiisha akupe cheti.
- Nondo ipimwe kwa mashine, si kwa macho.
- AC ipate laini na breka yake.
- Fyuzi ikiungua kila mara, usiweke waya mnene. Utakaochomeka sasa ni ule wa ndani ya ukuta.
- Usiguse sili ya mita, hiyo ni ya Kenya Power.
- RCD ina kitufe cha T. Kibonyeze kila miezi 6. Stima isipokatika, itisha fundi.

Kama ganji ni kidogo, usigawanye pesa kila mahali. Anza na RCD na nondo. AC inaweza kungoja mwezi ujao, feni itawasaidia kwa sasa.