Urithi wa Njano

Shuleni tulifundishwa kwamba seli ikigawanyika huzaa seli mbili zinazofanana. Lakini kama kila mgawanyo ungezaa pacha, yai lililorutubishwa lingeishia kuwa rundo la seli za aina moja. Misuli, mifupa na neva vingetoka wapi?

Swali hilo liliwasumbua sana wanabiolojia mwishoni mwa karne ya 19. Mjerumani August Weismann alieleza mwaka 1892 kwamba kiini cha seli hugawa urithi wake kwa mafungu, kila seli ikiondoka na fungu tofauti. Ila mwaka mmoja kabla, Hans Driesch alikuwa ametenganisha seli mbili za kwanza za kiinitete cha mnyama wa baharini mwenye miiba, na kila moja ikakua kuwa lava kamili, japo ndogo. Kama urithi hugawanywa mafungu, nusu iliwezaje kuwa kitu kizima?

Jibu ninalolipenda zaidi lilionekana kwa macho. Huko Woods Hole, Marekani, Edwin Conklin aliweka chini ya hadubini mayai ya Styela, mnyama wa baharini mfano wa kifuko kilichojibandika mwambani. Mayai hayo yana rangi ya njano. Mbegu ya kiume ilipoingia, njano iliteremka chini ya yai, kisha ikajikusanya upande mmoja kwa umbo la hilali. Mgawanyo wa kwanza uliikata hilali katikati, kila seli ikapata nusu. Wa pili ndio uliobagua: seli mbili za nyuma zilichukua njano, za mbele zikaikosa. Conklin aliifuata rangi hiyo hadi kwenye misuli ya mkia wa lava, akachapisha matokeo mwaka 1905.

Njano ilikuwa alama tu. Mwaka 2001 watafiti wa Japani, Nishida na Sawada, walitambua katika jamaa wa mnyama huyo ujumbe wa RNA ambao mama huuweka ndani ya yai, nao hukusanyika upande huohuo. Ukiondolewa, misuli mingi ya mkia haitokei. Jeni yake inaitwa macho-1, jina linalomchekesha Mswahili, kwa kuwa kazi yake ni misuli.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ndani ya kiinitete, ndugu wawili hupokea jeni zilezile zote, lakini mmoja huachiwa ujumbe ambao mwenzake hakuupata, na hapo njia zao huachana. Mgawo huu si jambo dogo: katika ubongo wa nzi wa matunda, ukivurugika, seli zilizopaswa kuwa neva huweza kuendelea kugawanyika hadi zikawa uvimbe.