Damu ya Mgonjwa Yasomwa

Leo twatazama jinsi madaktari walivyojifunza kusoma damu ya mgonjwa wa mapafu, wapate kujua mapema nani yu hatarini.

Hapo kale daktari alitumia macho, masikio na mikono. Aligusa paji la uso, akahesabu pumzi, akasikiliza kifua. Lakini wagonjwa wawili waweza kukohoa sawasawa leo, kisha mmoja akarudi nyumbani kwa miguu yake, na mwenziwe akafa. Je, daktari awatambueje?

Mwaka 1897 Mpolandi mmoja, Edmund Biernacki, alieleza hivi: damu iliyozuiwa isigande, ikiwekwa katika bomba jembamba la kioo, chembe zake nyekundu huzama polepole. Katika baadhi ya magonjwa ya homa huzama upesi zaidi. Basi damu yenyewe ilikuwa na habari ya kusema.

Mwaka 1930 William Tillett na Thomas Francis, wa Taasisi ya Rockefeller, New York, walichunguza wagonjwa wa homa ya mapafu iletwayo na bakteria. Walichanganya majimaji ya damu yao na kitu kilichotolewa katika bakteria hao, yakafanya mashapo. Mgonjwa alipopona, mashapo hayakuonekana tena. Baadaye ilijulikana kuwa sababu yake ni protini itengenezwayo na ini mwili unaposhambuliwa. Hospitalini huitwa CRP.

Miaka 90 ikapita. Ugonjwa wa UVIKO-19, uletwao na virusi, ukaingia duniani. Vitanda na oksijeni havikutosha mahali pengi. Kujua nani atazidiwa likawa jambo la kufa na kupona. Machi 2020 madaktari wa China walitoa habari za wagonjwa 191 wa hospitali mbili za Wuhan: 137 walitoka, 54 walikufa. Waliokufa walikuwa na chembe nyeupe chache za aina ipiganayo na virusi. Tena, wengi wao walifika wakiwa na D-dimer nyingi, yaani mabaki ya damu iliyoganda kisha ikavunjwa na mwili.

Je, kujua kwafaa nini pasipo dawa? Uingereza, mwaka 2021, wachunguzi walieleza habari za wagonjwa waliopungukiwa oksijeni na wenye CRP ya miligramu 75 au zaidi kwa lita. Baadhi yao walipewa dawa ya tocilizumab, ambayo hupunguza ukali wa mwili kujishambulia. Katika siku 28, kati ya kila 100 waliopewa walikufa 31. Kati ya kila 100 wasiopewa walikufa 35. Watu wanne katika mia si wachache: ni baba, mama, ndugu.

Lakini tuangalie. CRP hupanda hata kwa jeraha au ugonjwa mwingine. Dalili ya mvua ni mawingu, wala si kila wingu huleta mvua. Kwa hiyo daktari husoma damu, na bado humtazama mgonjwa mwenyewe. Kipimo si hukumu. Ni onyo litolewalo mapema, ili msaada uwahi.

Maswali ya darasa:
1. Biernacki aliona nini katika bomba la kioo?
2. Mashapo yalikuwaje mgonjwa alipopona?
3. Kwa nini kipimo kimoja hakitoshi?