Dawa ya Malaria Iliyopunguza Damu

Leo turudi nyuma kidogo, kwa maana yaliyopita nayo hufundisha.

Wazee wa Mulot, Bomet na Kericho wanakumbuka miaka ya 1990, malaria ilipopanda hadi huku juu kwenye baridi na mashamba ya chai. Klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Mwaka wa 1998 serikali ya Kenya iliiweka kando, ikaleta dawa za jamii ya Fansidar. Hizo nazo zikaanza kushindwa.

Ndipo ikaja Lapdap. Ilitengenezwa kwa ajili ya Afrika na Chuo Kikuu cha Liverpool na kampuni ya GlaxoSmithKline, wakishirikiana na Shirika la Afya Duniani na serikali ya Uingereza. Iliidhinishwa Uingereza mwaka wa 2003, ikafika Kenya pia. Haikuwa ghali, na iliua vimelea vizuri. Ndani yake mlikuwa na klorproguanili na dapsoni, dawa ya zamani ya ukoma.

Sasa sikiliza kwa makini. Panga likiachwa nje kwenye umande hushika kutu. Mwilini, dapsoni hugeuka kemikali inayoleta jambo kama hilo ndani ya chembe nyekundu za damu. Wataalamu huliita uoksidishaji. Chembe hujikinga kwa kitu kiitwacho glutathioni, mfano wa mafuta tunayopaka panga. Ikitumika, hufanywa upya kwa msaada wa kimeng'enya cha G6PD. Lakini wako watu, hasa wanaume, waliozaliwa na upungufu wa G6PD. Kwao kinga hiyo huisha upesi, chembe hupasuka na damu hupungua.

Hatari hiyo haikuwa ngeni. Mwaka wa 1956 watafiti wa Marekani waliugundua upungufu huo kwa watu waliopungukiwa damu baada ya kunywa primakwini, dawa nyingine ya malaria. Majaribio zaidi barani Afrika yalipoonyesha watoto wenye upungufu huo wakipoteza damu vibaya, Lapdap iliondolewa sokoni mwezi wa Februari 2008.

Tunajifunza nini? Dawa iliyomponya jirani yaweza kukudhuru wewe. Usimpe mtoto vidonge vilivyobaki nyumbani. Ukiandikiwa dapsoni au primakwini, mweleze mhudumu kama katika ukoo wenu yuko aliyewahi kuishiwa damu baada ya dawa, na uulize kuhusu kipimo cha G6PD.

Baada ya dawa, ukiona mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho ya manjano, viganja vyeupe au kuhema, usingoje kesho. Nenda hospitali, na uichukue karatasi ya dawa uende nayo.