Neno la Muulizaji

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Baada ya kufundisha miaka mingi nimeona kwamba ujinga mara nyingine hukaa upande wa pili, kwa yule anayeulizwa, hasa akiwa amesoma. Nitaeleza jambo hili kwa kisa changu mwenyewe, kisha nitampeleka msomaji mbali kidogo, kwenye biashara ya siku hizi ya kuandika katika intaneti na kulipwa kamisheni. Mwisho tutarudi nyumbani.

Mwaka 1976 nilikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu. Kwa kuwa nilipenda vitabu, nilipewa kazi ya kuangalia maktaba saa za jioni. Ilikuwa chumba kimoja chenye rafu chache na kasha la kadi, nami nililionea fahari kasha lile. Vitabu vilipangwa kwa utaratibu wa Mmarekani Melvil Dewey, ambao ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Dewey aliigawa elimu yote katika mafungu 10, na kila fungu katika mafungu madogo zaidi. Namba 600 ni ufundi, 630 ni kilimo, 636 ni ufugaji, na 636.5 ni ndege wa kufugwa. Mtu aliyezijua namba hizo alitembea katika maktaba yoyote kama mwenye nyumba.

Jioni moja alikuja mama mmoja wa kijiji jirani. Alisimama mlangoni, akavua kandambili zake, akauliza kama tuna kitabu cha kideri. Nilifungua droo ya herufi K, nikatafuta, sikuona kitu. Nikamwambia, "Hatuna, mama." Alishukuru akaenda zake. Miezi michache baadaye, nikiwa natoa vumbi katika rafu ya 636, nikakuta kijitabu cha Kiswahili chenye kichwa kinachohusu magonjwa ya ndege wafugwao. Nilipokifungua nikaona ugonjwa wa Newcastle, na dalili zake zote ni zile za kideri, au mdondo kama wengine wanavyouita. Kijitabu kilieleza chanjo, na namna ya kuwatenga kuku wagonjwa. Nilipokwenda kijijini kumtafuta yule mama, nikaambiwa kuku wake walikwisha kufa wote. Na kuku wale ndio waliokuwa ada na sare za watoto wake.

Kitabu kilikuwapo, na mwenye haja alikuja hadi mlangoni. Kilichokosekana ni neno la kuwakutanisha. Kadi ilisema lugha ya mtaalamu, mama alisema lugha ya mfugaji, nami niliyekaa katikati sikufanya kazi ya ukalimani.

Miaka mingi ikapita. Nikawa mwalimu, nikawa mkuu wa shule, na mwaka 2014 nikastaafu. Miaka michache iliyopita mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa amemaliza chuo kikuu na kukaa nyumbani miaka miwili bila ajira, alikuja kwangu na daftari.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umekuja na daftari, kuna mtihani?"

Alicheka, akaeleza. Alitaka kuanzisha blogu, yaani tovuti ya kuandika makala. Ndani ya makala angeweka viungo vya wauzaji, na msomaji akinunua kwa kupitia kiungo chake, yeye angepata kamisheni. Alikuwa amekutana na mtu aliyemwahidi kumfundisha kazi hiyo kwa shilingi 300,000, na fedha hizo alitaka nimkopeshe. Nikamuuliza, "Utaandika juu ya nini?" Akasoma kwenye daftari: afya, mapenzi, biashara, mapishi, mitindo na ushauri wa maisha. Mimi sikuwa mtaalamu wa mambo ya kompyuta, lakini orodha ile niliifahamu. Ilikuwa ni kama kasha langu la kadi, lililobeba elimu yote bila kumfikia mtu hata mmoja.

Nikamwambia fedha zipo, ila anipe mwezi mmoja nisome kwanza. Mwalimu hastaafu kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kamisheni si jambo jipya. Pwani yetu inamjua dalali tangu zamani, na kila mtu anajua kwamba dalali hulipwa. Kilicho kipya ni kumfanya mwandishi kuwa dalali. Mwaka 1994 duka la muziki la Marekani lililoitwa CDNow lilianza kuwalipa wenye tovuti nyingine waliolipelekea wanunuzi. Mwaka 1996 Amazon ikaufungua mpango wa namna hiyo kwa kila mwenye tovuti, na hapo ndipo ulipoenea duniani.

Amazon yenyewe ina somo. Mwaka 1994 Jeff Bezos, mwanzilishi wake, aliandika orodha ya bidhaa zipatazo 20 ambazo zingeweza kuuzwa kwa njia ya intaneti. Hakuanza na zote. Alichagua vitabu, kwa sababu vitabu vina majina mengi mno hata hakuna duka la matofali linaloweza kuviweka vyote. Duka hilo linalouza karibu kila kitu leo lilifungua mlango mwaka 1995 likiwa na bidhaa ya aina moja.

Hiyo ni habari ya kuchagua uwanja. Habari ya maneno ni ndefu zaidi. Katika karne ya 13 watawa wa Kidominiko huko Paris, wakiongozwa na Hugh wa Saint-Cher, walitengeneza faharasa ya maneno ya Biblia ya Kilatini, ili mhubiri anayekumbuka neno moja tu aweze kuufikia mstari autakao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, aliifundisha mashine kazi ya namna hiyo. Ilichukua vichwa vya makala za kisayansi na kuvipanga kwa kila neno lenye uzito lililomo, hata mtafutaji asiyejua makala imewekwa fungu gani aliweza kuipata.

Intaneti ilipokuja, njia hizo mbili zilikutana tena. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza orodha ya tovuti iliyopangwa kwa mafungu kwa mkono wa binadamu. Hiyo ikawa Yahoo, na ulikuwa utaratibu wa Dewey katika vazi jipya. Desemba 1995 ikaja AltaVista, iliyosoma maneno ya kurasa zenyewe na kumruhusu mtu kuandika neno lake. Mwaka 1998 ikaja Google ya Larry Page na Sergey Brin, iliyotazama maneno na pia ni kurasa zipi zinazorejelewa na nyingine. Orodha ya mafungu ya Yahoo ilifungwa mwaka 2014. Neno la muulizaji lilikuwa limeshinda kasha la kadi.

Na palipo na ushindi, mfanyabiashara hayuko mbali. Mwaka 1998 Bill Gross wa California alianzisha GoTo.com, ambako wauzaji walishindania maneno kwa mnada: atoaye zaidi kwa neno fulani ndiye anayetokea juu. Google nayo ikaanza kuuza matangazo kwa maneno mwaka 2000. Tangu hapo neno likawa na bei kama nyanya, na watu wakalitenda kama nyanya. Wakajaza kurasa neno moja mara mia, wakanakili makala za wenzao, wakaandika juu ya wasiyoyajua. Mwaka 2011 Google ilifanya badiliko lililoitwa Panda, likazishusha tovuti nyingi za namna hiyo, na waliokuwa wakiishi kwa ujanja huo wakaamka hawana wageni. Mwaka 2009 serikali ya Marekani nayo ilikuwa imekwisha kutoa mwongozo kwamba mwandishi anayefaidika na bidhaa anayoisifu amwambie msomaji wazi. Dalali wa pwani asingehitaji kuambiwa hayo.

Nilipomaliza kusoma nilimwita mjukuu wangu, nikamsimulia habari ya mama wa kideri. Kisha nikamwuliza maswali matatu. La kwanza: ni jambo gani unalijua kwa mikono yako, si kwa kusikia? La pili: ni nani wanaoteseka na jambo hilo, na je, kipo kitu cha kununua kinachowaondolea taabu? La tatu: waweza kuandika makala 30 juu yake bila kunakili ya mtu?

Afya na mapenzi vikaanguka pale pale. Alikaa kimya, halafu akasema, "Babu, mimi nimekua chini ya cherehani ya mama." Ni kweli. Mama yake ni fundi nguo, na binti huyu alijua kuweka sindano na kukaza uzi kabla hajajua kuandika jina lake. Nikamwambia, huo ndio uwanja wako. Wala si ushonaji wote, ambao una mitindo na vitambaa na harusi ndani yake. Chukua cherehani inaposumbua, basi. Alihofu ni padogo mno. Nikamkumbusha gulioni: anayetandaza kila kitu chini ya turubai moja hupita watu wakimtazama, lakini anayeuza tambi za majiko ya mafuta peke yake hutafutwa kwa jina.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya maneno. Nilimtuma akakae kwa mafundi wa mtaani wiki mbili na daftari, aandike kila lalamiko kama linavyosemwa, asisahihishe hata herufi. Alirudi na hazina. Hakuna aliyesema "hitilafu katika ufumaji wa mshono". Walisema: cherehani inaruka, cherehani inakata uzi, uzi unajikusanya chini, sindano inavunjika nikishona jinzi, cherehani nzito kukanyaga. Kisha akaandika kila neno katika kisanduku cha kutafutia na kutazama mashine inalimalizia vipi, maana inamalizia kwa mfano wa waliouliza kabla yake.

Tukayapima maneno hayo pamoja. Mtu anayeandika "cherehani" peke yake hatujui haja yake: huenda anataka picha, bei, au tafsiri ya Kiingereza. Lakini anayeandika "cherehani inaruka nikishona jinzi" ana kazi ya mteja mezani, na huenda akahitaji sindano ya namba nyingine leo leo. Wa kwanza ni wengi na hawanunui. Wa pili ni wachache na wana haja. Wala wachache hao si wa kudharau. Google yenyewe imesema mara kadhaa kwamba takribani asilimia 15 ya maswali inayopokea kila siku hayajawahi kuulizwa kabla. Haja za watu hazina mwisho, na matajiri wa maneno hawawezi kuyanunua yote.

Hapo Kiswahili kilituletea somo lake. Nilipofundisha matumizi ya kamusi, niliwazoeza wanafunzi kuvua viambishi: ukitaka "wanaruka" tafuta "ruka". Muulizaji havui. Ataandika inaruka, zinaruka, imeanza kuruka. Kwa hiyo mjukuu wangu alijifunza kuandika kwa sentensi za watu, zenye maumbo hayo yote katika mahali pake pa asili, badala ya kurudia neno moja kama kasuku.

Ile shilingi 300,000 hatukumpa mwalimu wa ahadi. Sehemu yake ililipia jina la tovuti na vifurushi vya simu, nyingine ikawa nauli ya Kariakoo. Huko alipatana na muuza vipuri mmoja: mteja akija na neno la siri lililoandikwa katika makala, binti anapata asilimia 8. Chini ya kila makala aliandika, "Ukinunua kwa huyu ndugu, nami napata kidogo." Miezi mitatu ya kwanza hakupata kitu. Mwezi wa tano alipata shilingi 14,000. Nilimwona akizihesabu mara mbili. Hadi leo mapato hayo hayamtoshi kuishi, naye hushona pia, lakini yanalipa kodi ya chumba chake, na mafundi wa mikoa asiyoijua humpigia simu wakimwita dada.

Sidhani kazi hii itabaki ilivyo. Tangu mwaka 2024 Google imekuwa ikitoa majibu ya maswali mengi yenyewe, juu kabisa ya ukurasa, kwa akili bandia, na msomaji hana haja ya kufungua tovuti. Mwenye kunakili atakufa njaa kwanza. Huenda na mjukuu wangu akapungukiwa na wageni. Lakini kuna jambo alilolipata ambalo mashine haiwezi kumnyang'anya: amezoea kusikiliza taabu ya mtu kwa maneno ya mtu mwenyewe, kabla ya kumwuzia chochote.

Mimi nililichelewa somo hilo. Siku moja alinionyesha ujumbe wa fundi mmoja aliyeandika kwamba alitafuta siku mbili jibu la mashine yake, hakuliona popote, mpaka alipoandika tatizo kama anavyolisema kwao. Nilimwomba anisomee tena. Nilikuwa namkumbuka mama aliyevua kandambili mlangoni, na droo ya herufi K niliyoifunga kwa uhakika.