Surua na Sotoka

Surua ina nduguye, naye ni sotoka, maradhi yaliyokuwa yakiangamiza ng'ombe. Mwaka 2020 wataalamu walichunguza pafu la mtoto wa miaka miwili aliyefariki kwa surua mjini Berlin mwaka 1912. Wakakisia kuwa virusi vya maradhi haya mawili huenda vilitengana tangu karne ya sita kabla ya Nabii Isa, zama ambazo miji mikubwa ilikuwa ikistawi. Nayo surua haidumu pasipo umati: aliyeugua akapona haugui tena, hivyo virusi huhitaji watoto wapya daima.

Ushahidi ulitoka visiwani. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe baada ya kutoonekana kwa miaka 65. Katika watu wasiofika 8,000, zaidi ya 6,000 waliugua. Tabibu Peter Panum akaona kwamba wazee walioupata ugonjwa huo mwaka 1781 walisalimika.

Katika nchi ya Bukoba na Muleba, hadi Kimwani iliyo kusini, sotoka nayo ilifika. Ilitua pwani ya Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia mwaka 1891 ilikwisha kufika kandokando ya Ziwa Viktoria. Kwa Wahaya, ng'ombe si maziwa tu. Samadi yake ndiyo inayorutubisha kibanja, shamba la migomba lizungukalo nyumba. Zizi likifa, mgomba nao huona njaa.

Kisha zikaja njia. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaziunganisha bandari za ziwa, Bukoba ikiwemo. Palipopita bidhaa palipita na pumzi za watu, na surua husafiri kwa pumzi: mgonjwa akishatoka chumbani, virusi vyaweza kubaki hewani hata saa mbili.

Dawa za ndugu hawa nazo zilikuwa na undugu. Mwaka 1954 John Enders na Thomas Peebles walivipata virusi vya surua kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa Boston, wakaviotesha katika chembe hai. Chanjo ikaidhinishwa Marekani mwaka 1963. Kwa njia ya namna hiyo, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka huko Muguga, Kenya. Sotoka ilionekana mara ya mwisho nchini Kenya mwaka 2001, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imetoweka duniani.

Mnyama ameokoka, mtoto bado. Tanzania humchanja mtoto afikapo miezi tisa, kisha miezi 18, na ili surua ikose njia yapasa watoto 95 katika kila 100 wapate dozi zote mbili. Kwa walio Bumbire na Goziba, visiwa vya wavuvi wilayani Muleba, chanjo hiyo sharti ivuke maji, na ifike ingali baridi.